Labrador jike wa kilo 38: apimiwe gramu ngapi apungue bila kudhoofu?

Mbweni_Kwetu

Wakuu habari zenu. Naomba mwenye uelewa wa lishe ya mbwa anisaidie hesabu.

Mbwa ni Labrador jike, miaka 5, alitolewa kizazi akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mizani ya kliniki inasema kilo 38. Kwenye kadi yake imeandikwa "apunguzwe chakula", ila haisemi kutoka kiasi gani kwenda kiasi gani, na hapo ndipo nilipokwama.

Anachokula kwa siku nimekipima kwa mizani ya jikoni siku tatu mfululizo. Ugali wa dona asubuhi na jioni, unga mkavu gramu 350 kwa jumla. Dagaa wakavu gramu 60, wanachemshwa humo humo. Mchana punje za dukani za chakula kikavu cha mbwa gramu 100, mfuko unasema 370 kcal kwa kila gramu 100. Halafu kuna chapati ya watoto. Ukijumlisha vipande vyote haikosi nusu chapati kwa siku.

Anatembezwa dakika 30 jioni, kama kilomita 2. Miezi miwili sasa mizani haijasogea. Hatumii dawa yoyote, manyoya yako vizuri, maji anakunywa kawaida.

Ninachotaka kujua: uzito wake halali ni upi, apewe gramu ngapi za nini, na je, lazima niachane na chakula cha kupika nyumbani? Kile chakula maalumu cha kupunguza uzito kipo madukani, ila bei yake siyo ya kununua kila mwezi.

---

Dokta_Moro

Mkuu, umepima, na wengi hawapimi. Tuongee kwa namba basi.

Kwanza uzito halali. Usiutafute kwenye jedwali la aina za mbwa, maana Labrador jike anaweza kuwa na kilo 25 au 32 na wote wakawa sawa. Utafute mwilini mwake. Kunjua mkono wako wa kushoto mezani, kiganja kikiwa chini, kisha pitisha vidole vya mkono wa kulia juu ya mgongo wa mkono huo. Unaihisi mifupa bila kubonyeza, na haijachomoza. Mbavu za mbwa mwenye uzito mzuri ziko hivyo. Sasa kunja ngumi upapase vifundo: mbavu zikiwa hivyo, mbwa amekonda. Geuza mkono upapase kiganja kwa ndani, pale penye nyama chini ya vidole. Mifupa ipo, lakini unaitafuta. Huyo amenenepa. Fanya zoezi hili macho yakiwa yamefumba, kwa sababu manyoya ya Labrador yanadanganya.

Kisha simama juu yake umtazame mgongoni: nyuma ya mbavu panatakiwa paonekane kiuno. Piga magoti umtazame ubavuni: tumbo linatakiwa lipande kuelekea mapajani. Madaktari hutumia alama 1 hadi 9. 4 na 5 ndizo nzuri, na kila alama moja juu ya 5 ni kama asilimia 10 ya ziada, wakati mwingine zaidi. Kama mbavu zake unazipata kwa kubonyeza kwa nguvu, kiuno hakuna, na juu ya shina la mkia pamejaa mafuta, mpe 8. Hiyo ni asilimia 30 ya ziada. Gawanya 38 kwa 1.3, unapata kilo 29. Shabaha yako ndiyo hiyo, na ikifika kilo 31 utapapasa tena mbavu uone kama kweli zimebaki kilo mbili.

Pili kalori. Nikisema kalori namaanisha ile kcal ya kwenye mfuko. Chukua kikokotoo cha simu: 29 × 29 × 29, halafu bonyeza kipeuo cha pili mara mbili, halafu zidisha kwa 70. Utapata 875. Ndicho kiwango cha mwili uliopumzika wa mbwa wa kilo 29, na ndicho cha kuanzia anayepunguza uzito. Angalia vizuri: hesabu inafanywa kwa uzito unaoutaka, siyo ulionao leo. Wengi wanakosea hapa, kwa sababu jedwali la nyuma ya mfuko linasomwa kwa kilo 38 na mbwa anaendelea kulishwa kama mbwa wa kilo 38. Tena majedwali hayo kwa kawaida yanamfikiria mbwa mwenye pilikapilika ambaye hajatolewa kizazi. Aliyetolewa kizazi anahitaji pungufu, na hamu ya kula inaongezeka wakati huo huo. Hawakutendewa haki.

Sasa tazama anachokula. Unga wa mahindi una kama kalori 360 kwa gramu 100, kwa hiyo 350 zake ni 1,260. Dagaa 60 ni kama 190. Punje 370. Nusu chapati tuiweke 140. Jumla karibu 1,960. Mbwa wa kilo 29 aliyetolewa kizazi, wa kubaki alipo bila kupanda wala kushuka, anahitaji kama 1,400. Umeona mwenyewe.

Matembezi: mbwa anatumia takriban kalori 1 kwa kila kilo kwa kila kilomita akitembea. Kilo 38 kwa kilomita 2 ni 76. Hiyo ni robo ya chapati. Endelea kumtembeza kwa ajili ya misuli, viungo na akili yake, lakini usitegemee kamba ifanye kazi ya bakuli.

---

Koko_Halisi

Mnazunguka sana. Mbwa ni mla nyama, ugali umeletwa na ubahili wetu. Toa ugali wote, mpe nyama na mifupa, mwezi mmoja atakuwa kama swala.

---

Sufuria_Kubwa

@Koko_Halisi, hapana. Mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu; hilo lilichapishwa na watafiti mwaka 2013. Ugali uliopikwa ukaiva anausaga vizuri tu. Tatizo la ugali ni wingi wake. Na nyama unayoisema inategemea nyama gani. Gramu 100 za nyama ya kifua yenye mafuta, imeshapikwa, inaweza kuvuka kalori 300. Zile takataka za bucha zenye mafuta meupe ni mbaya zaidi: gramu moja ya mafuta ni kalori 9, na mbwa mnene akipewa mafuta mengi kwa mkupuo anaweza kuvimba kongosho, anatapika, anakunja mgongo, na anaweza kufa. Mifupa iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha. Kwa hiyo swala wako anaweza asifike huo mwezi.

@Mbweni_Kwetu, kupika nyumbani kunawezekana, ila kwa mbwa wako nashauri nusu kwa nusu. Sababu ni hii: ukichukua chakula cha kawaida ukakikata nusu, umekata na protini, madini na vitamini kwa nusu. Mafuta yatapungua na misuli itapungua nayo, halafu utaona mbwa kalegea makalio na manyoya yamekufa rangi. Vile vyakula maalumu vya kupunguza uzito vinaongezwa protini na virutubisho kwa kila kalori kwa sababu hiyo. Kama hununui hivyo, punje nzuri za mbwa mzima zibaki kama msingi wa madini, nyama isiyo na mafuta ilete protini, mboga ijaze tumbo.

Kwa siku moja:

Punje za 370, gramu 130. Minofu ya kuku bila ngozi au nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, pima ikiwa imeshachemshwa, gramu 120. Boga lililochemshwa gramu 300, bila chumvi wala nazi. Dagaa wakavu gramu 10. Hapo una kama kalori 785. Zinabaki 90 za zawadi, ambayo ni ile asilimia 10 ambayo haitakiwi kupitwa.

Ukitaka kubakiza ugali, kuna njia rahisi ya kukumbuka: gramu ya unga mkavu ni karibu sawa na gramu ya punje kwa kalori. Ukisonga unga gramu 50, toa punje gramu 50. Usizidi hapo, maana unga hauna protini ya kutosha wala madini. Na pima unga kabla haujaingia kwenye maji, kamwe usipime ugali. Ugali mgumu na ugali laini wa kilo ile ile hauna kalori zile zile, tofauti ni maji, na anayesonga leo siye atakayesonga kesho.

Dagaa: wengi wa ziwani huanikwa mchangani. Loweka, suuza maji matatu, mimina taratibu ili mchanga ubaki chini. Wa pwani wenye chumvi waloweke usiku kucha na umwage maji. Mchuzi wa dagaa uliobaki sufuriani mnyunyizie juu ya boga. Una harufu kali na kalori chache, na mbwa atalamba bakuli mpaka lipige kelele.

Boga lisipopatikana tumia maharage machanga ya kijani yenye maganda yake, mchicha kidogo, au karoti (karoti ina kalori 40 kwa gramu 100, hivyo punguza iwe 200). Kabichi inashibisha, ila ukiipa nyingi utahama sebule. Viazi vitamu, ndizi za kupika, mihogo na makande hesabu kama unga, siyo kama mboga. Watu wanasema "nimempa mboga", kumbe ni kiazi.

Vya kutogusa kabisa ni kitunguu maji na kitunguu saumu hata vikiwa ndani ya mchuzi, zabibu, chokoleti, makadamia, na bazoka au siagi ya karanga isiyo na sukari, kwa sababu baadhi hutiwa zailitoli (xylitol, kitamu cha badala ya sukari) ambayo inashusha sukari ya damu ya mbwa ghafla. Gunzi la hindi nalo. Mbwa analimeza vipande, halimeng'enyeki, linaziba utumbo, na hapo ni kisu tu.

Halafu unga wa bei poa "wa mbwa" uliotokana na mahindi yaliyovunda, achana nao hata kama ni wa bure. Sumukuvu inaua ini la mbwa, na kuupika ugali hakuiondoi.

Badilisha kwa siku saba: siku mbili robo ya chakula kipya, siku mbili nusu, siku mbili robo tatu, kisha chote. Kinyesi kitakuwa kingi zaidi kwa sababu ya nyuzinyuzi za boga. Hiyo ni kawaida. Kikiwa maji maji, rudi nyuma hatua moja.

---

Mbweni_Kwetu

@Sufuria_Kubwa asante sana. Na kama nikitaka kupika kila kitu bila punje kabisa?

---

Sufuria_Kubwa

Inawezekana, ila hapo unabeba jukumu la madini yote. Kwa mbwa wa kilo 29: kuku wa kuchemsha 250, unga wa dona 60, boga 300, dagaa 20, mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chai. Inakuja kama 800. Nyama haina kalisi ya kutosha, kwa hiyo ongeza maganda ya yai: yaoshe, yakaushe kwenye jiko la moto mdogo dakika 10, yasage mpaka yawe unga laini kabisa usiokwaruza ulimi, mpe nusu kijiko cha chai kwa siku. Bado utakuwa umepungukiwa zinki, madini joto, vitamini D na E. Hivyo vinatoka kwenye poda ya vitamini na madini ya mbwa ambayo daktari atakuandikia kwa uzito wake. Usitumie premiksi ya kuku wa mayai. Bila poda hiyo, miezi sita au tisa ya kupunguza uzito ni mirefu mno. Ndiyo maana nilisema nusu kwa nusu.

---

Nakuru_K9

Ndugu yangu, hesabu imeshafanywa. Mimi naongezea pale inapoharibikia, yaani nyumbani.

Mbwa mnene kwa kawaida analishwa na watu wanne na kila mmoja anaamini ni yeye peke yake. Mama anatoa mabaki ya chakula cha mchana, watoto wana chapati, dada wa nyumbani anampa uji uliobaki sufuriani, askari wa geti anagawana naye mkate saa nane usiku. Dawa yake ni mkebe mmoja. Asubuhi pima chakula chote cha siku, punje zote na zawadi zote, weka ndani ya mkebe wenye kifuniko. Mtu yeyote anayetaka kumpa mbwa kitu anachukua kutoka humo. Mkebe ukiisha saa tisa mchana, siku imeisha. Nyama na boga vikae kwenye chombo cha friji kilichogawanywa kwa siku. Friji siku tatu, vinavyozidi viende kwenye friza.

Usiwaambie watoto wasimpe mbwa chochote, hilo halijawahi kufaulu popote. Wakatie tango. Gramu 100 za tango ni kalori 15 hivi, na mbwa anapenda ule mlio wa kutafuna kuliko tango lenyewe. Tikiti bila mbegu pia ni sawa, kipande cha ukubwa wa kiberiti.

Pima kwa mizani, siyo kwa kikombe. Kikombe kile kile kikichotwa na watu wawili kinatoa gramu tofauti, na kwa mbwa wa kalori 875 gramu 20 za ziada asubuhi na jioni ni kalori 150. Hiyo peke yake inatosha kusimamisha mizani.

Labrador ataomba. Wana sababu: mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kuwa karibu robo ya Labrador wana hitilafu kwenye jeni inayoitwa POMC, ile inayouambia ubongo kwamba tumbo limeshapata. Mwaka 2024 ikaonekana wenye hitilafu hiyo wanatumia pia nishati pungufu kwa kama asilimia 25 wakiwa wamepumzika. Kwa hiyo yale macho ni ya kweli, ila usiyajibu kwa chakula. Endelea kumgawia mara tatu kwa siku, jumla ikiwa ile ile. Punje za mchana zimwage kwenye nyasi azitafute moja moja, dakika 20 zinaisha hapo. Au chukua trei ya kuokea keki ndogo, weka punje chache kila shimo, funika kila shimo na mpira wa tenisi. Chupa za maji za plastiki zilizotobolewa zinafanya kazi ile ile, lakini simama naye. Labrador akichoka kuzungusha anaitafuna chupa yenyewe, na kifuniko ndicho kinachoishia tumboni.

Matembezi: dakika 30 kwa mkupuo ni nyingi kwa mwenye kilo 9 za ziada. Gawa mara mbili, dakika 15 asubuhi na 15 jioni, ardhi tambarare, ongeza dakika 5 kila wiki. Asiruke kutoka nyuma ya gari wala kukimbizana na mpira kwa kona kali, goti la nyuma la mbwa mnene linakatika kano kirahisi. Huko Dar mna joto na unyevu, kwa hiyo awe ameshatoka saa kumi na mbili alfajiri na kurudi kabla ya saa moja na nusu. Weka mgongo wa mkono wako juu ya lami sekunde saba. Ukishindwa kuuacha, na yeye asikanyage. Akianza kutoa mate mazito ya kunata, ulimi umekuwa mwekundu mno na anayumba, hapo ni hatari: kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na safari ya kliniki ianze huku mnaendelea kumpepea.

Kuogelea baharini kunamfaa sana Labrador kwa sababu maji yanabeba uzito. Nenda na maji baridi ya kunywa, mpe kila baada ya dakika chache, maana akinywa ya bahari atahara na kutapika.

---

Dokta_Moro

Nyongeza kuhusu magonjwa, kwa sababu wengine watasoma uzi huu na mbwa wao siyo mnene hata kidogo.

Tumbo kubwa siyo lazima liwe mafuta. Mbwa mwenye tumbo lililojaa huku mbavu na uti wa mgongo vimechomoza, huyo mpeleke. Ukigonga ubavu mmoja kwa vidole na upande wa pili ukahisi wimbi, ni maji tumboni: moyo, ini au upungufu wa protini. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kama ngoma na miguu myembamba, fikiria minyoo kabla ya kitu kingine. Jike ambaye hajatolewa kizazi, tumbo limejaa wiki chache baada ya joto (kipindi cha kutaka dume), anakunywa maji sana, hana hamu ya kula, hata kama huoni usaha: usingoje kesho, hiyo inaweza kuwa usaha kwenye kizazi.

Kwenye mbwa mnene kweli, magonjwa mawili ya homoni ndiyo tunayoyatafuta. Tezi ya shingo ikilegea: mbwa wa makamo anazubaa, anatafuta jua, manyoya yanapungua ubavuni pande zote mbili kwa ulinganifu na mkia unabaki kama wa panya. Tezi za juu ya figo zikizidisha kazi: anakunywa na kukojoa kupita kiasi, anahema hata akiwa amelala, tumbo linaning'inia na ngozi yake ni nyembamba. @Mbweni_Kwetu, wako hana dalili hizi na anakula kalori 1,960, kwa hiyo mimi nisingekimbilia vipimo vya gharama kabla ya wiki nane za chakula kilichopimwa. Kwa wengine: prednisolone inayotolewa sana kwa muwasho wa ngozi huongeza njaa, na phenobarbital ya kifafa pia. Usizikate mwenyewe, mwambie daktari mbwa anaongezeka.

Jike mwenye mimba au anayenyonyesha, na mbwa wa chini ya mwaka mmoja, wasiingizwe kwenye mpango huu.

Na kwa anayejiuliza kama kilo chache zina maana: kuna utafiti wa Purina uliochapishwa mwaka 2002, Labrador 48 waliolelewa wawili wawili tangu wadogo, mmoja wa kila jozi akipewa robo pungufu ya mwenzake. Waliokula pungufu waliishi miaka 13 kwa umri wa kati, wenzao 11.2. Wale wa pili hawakuwa mapipa, walikuwa wanene wa kawaida tu, wale ambao mtaani tunawaita wenye afya.

---

Mbweni_Kwetu

Nimeelewa. Maswali mawili ya mwisho: nitajuaje kasi ni nzuri, na nifanye nini mizani ikigoma? Pia kuna dume wa ulinzi, koko wa kilo 19, mwembamba, wanakula uwanja mmoja.

---

Dokta_Moro

Kasi: lenga asilimia 1 ya uzito kwa wiki. Wiki za mwanzo ni gramu 380 hivi. Kati ya 200 na 750 usiguse kitu. Akishuka zaidi ya asilimia 2 kwa wiki, ongeza chakula kwa asilimia 10, la sivyo unayeyusha misuli. Wiki mbili mfululizo bila kushuka, kwanza kagua mkebe, kisha geti, kisha bakuli la paka. Ukishajiridhisha hakuna mwizi, punguza asilimia 10, toka 875 kwenda 790. Ikigoma tena, 710. Chini ya 700 usiende mwenyewe, hapo ndipo tunachukua damu. Kwa wastani wa gramu 300, kilo 9 ni wiki 30. Na jinsi anavyokuwa mwepesi ndivyo mwili unavyohitaji kidogo, kwa hiyo kusimama mara moja au mbili njiani ni jambo la kutarajia.

Mpime kila baada ya wiki mbili, mizani ile ile, asubuhi kabla hajala na baada ya kujisaidia. Kliniki ikiwa mbali, mizani ya jukwaa ya wanunuzi wa chuma chakavu au ya ghala la nafaka inatosha, ilimradi usibadilishe. Kumbeba kilo 38 juu ya mizani ya bafuni ni kuumiza kiuno chako. Chukua na mzunguko wa tumbo kwa futi ya fundi cherehani, nyuma tu ya ubavu wa mwisho. Wakati mwingine kiuno kinaanza kurudi wiki ambayo kilo zimesimama.

---

Sufuria_Kubwa

Kuhusu koko: usiwalishe uwanja mmoja hata siku moja. Labrador alishwe ndani ya banda, mlango umefungwa, mwenzake nje. Dakika 15, kisha mabakuli yote mawili yaondolewe yaoshwe, hata kama koko hajamaliza. Koko wa kulishwa usiku wa manane akiwa kazini awekewe chakula chake baada ya Labrador kufungiwa, na askari ajue hivyo. Kama koko ana tabia ya kula kidogo kidogo siku nzima, weka bakuli lake juu ya ukuta au meza ambayo yeye anaruka na Labrador wa kilo 38 haruki. Akishafika 31 hiyo meza haitasaidia tena, tafuta nyingine.